Uzoefu wangu: kujifunza mchezo wa tiara baharini, ufuo wa Mambrui

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, ambako tiara ni karatasi na chelewa mkononi mwa mtoto, kwa hiyo jamaa zangu walicheka waliposikia kwamba nimelipa fedha nifundishwe kurusha moja. Yangu ilikuwa ya mita mraba 9, yenye kamba za zaidi ya mita 20, na ndiyo inayomvuta mtu aliyesimama juu ya ubao. Nilijifunza siku nne za mwezi wa Januari kaskazini ya Malindi, ukishavuka daraja la mto Sabaki.

Ufuo wenyewe nausifu. Chini ni mchanga, na maji yakiwa nusu unatembea mbali nayo hayajapita kiuno, jambo ambalo ni neema kwa anayeanza, kwa sababu kila unapoanguka unasimama, unazipanga kamba upya na kuendelea, bila kuhangaika kuogelea. Upepo wa kaskazi hutoka kushoto kwako ukiitazama bahari, ukielekea kidogo nchi kavu, hivyo anayeshindwa huishia ufuoni, hapelekwi bahari kuu. Asubuhi huwa mwepesi. Baada ya adhuhuri ndipo unapokaza.

Kasoro ilikuwa saa. Mwalimu wangu alipanga somo la kwanza saa nne asubuhi, siku ya bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na tulipofika maji yalikuwa ya kifundo cha mguu. Tiara iliponivuta nilianguka kifudifudi na goti likachunika vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu aliniuliza, "Mwanangu, maji yametoka, wewe waingia wapi?" Sikuwa na jibu, na fedha za somo lile sikurudishiwa.

Siku ya nne tulingoja hadi saa kumi jioni, maji yakijaa, na hapo nilisimama ubaoni nikaenda labda mita 30, mikono ikitetemeka. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maji yatajaa saa ngapi: bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ukitembea, buruta nyayo, kwani taa, yule samaki bapa mwenye mwiba, hujifukia mchangani, na Sabaki ikileta udongo baada ya mvua hutamwona.

Nitarudi Julai, kusi ikivuma. Tarehe nitaichagua mwenyewe, nikishatazama mwezi.