Waja leo waondoka leo, ila si kwa treni: stesheni ya Tanga na safari yetu ya Moshi

Nianze na aibu yangu. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, reli naivuka kila nikishuka mjini, na bado nilimpakia mama yangu kwenye bajaji pamoja na mizigo yake yote nikampeleka stesheni ya Tanga, nikiamini tunakwenda kupanda treni ya Moshi.

Kosa nusu langu, nusu la bi mkubwa. Mtoto wa dada yake alikuwa anaolewa Moshi, na harusi ya Moshi huiendei mikono mitupu kama umetoka pwani. Kulikuwa na kiroba cha nazi, samaki wakavu ndani ya kikapu, na begi la madira ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na madira mangapi. Basi alikuwa halitaki. Goti lake la kushoto likikaa limekunjwa saa tano mfululizo, kulinyoosha ni kazi ya watu wawili. Jirani akamwambia treni ya Kaskazini imerudi. Ni kweli, ilirudi: Moshi tangu Desemba 2019, Arusha tangu Oktoba 2020, baada ya zaidi ya miaka ishirini bila abiria. Lakini kwa mama, treni ikirudi imerudi Tanga. Itarudi wapi pengine, wakati reli yenyewe ilianzia hapa?

Getini tukamkuta mlinzi, mtu mzima, redio ndogo iko mapajani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mnaleta mzigo?"

"Abiria, baba. Tunakwenda Moshi."

Akakitazama kiroba, akamtazama mama, akazima redio. Nikajua hapo hapo kwamba hakuna safari. "Hapa ni mizigo tu, mwanangu. Abiria Korogwe. Treni yao inapita kule, huku haiingii."

"Korogwe?" mama akadakia. "Mimi Korogwe nilikuwa nafika nimeshamaliza machungwa niliyonunua dirishani Muheza!"

"Najua, mama. Hata mimi niliyala hayo machungwa."

Akamtolea kiti chake. Mama akakaa, na kwa robo saa wale wawili walisahau kuwa mimi nipo. Walitaja stesheni moja baada ya nyingine, Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyusi, kama watu wanaohesabu jamaa waliotangulia mbele ya haki. Dereva wa bajaji alishazima injini, akalala.

Kwa wasiojua ramani, mambo yako hivi. Treni ikitoka Dar es Salaam inafuata reli ya kati hadi Ruvu, halafu inakata kaskazini kwa kipande cha kilomita 188 kilichojengwa mwaka 1963. Kipande hicho kinaikuta reli yetu ya Tanga kabla ya Korogwe. Kabla ya hapo reli ya Dar na reli ya Tanga zilikuwa hazijuani kabisa, kila moja na bahari yake. Sasa treni ya abiria ikifika kwenye maungio inageukia Moshi, na sisi wa Tanga tunabaki mkiani. Kutoka stesheni yetu hadi Korogwe ni kilomita 84 tu, lakini kutoka hapa hadi kwenye maungio reli ina saruji na makontena, haina mtu mwenye tiketi.

Na hapa niseme kitu kinachonikera kama Mtanga. Hii ndiyo reli ya kwanza Tanzania Bara nzima. Mjerumani alianza kuichimba hapa mwaka 1893, akafika Muheza 1896, kilomita kama arobaini kwa miaka mitatu. Kampuni ikaishiwa, serikali yao ikaichukua mwaka 1899, na Korogwe ikafikiwa 1902. Nilipomweleza mama kwamba kilomita 84 zilichukua miaka tisa, alisema mkandarasi huyo angekuwa wa leo redio zote zingemsema. Moshi walifika 1911, na Arusha ikamngoja Mwingereza hadi 1929. Mwaka huohuo wa 1893 ndio Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, alioleta miche ya mkonge, ikapona 62 tu, na miche hiyo ndiyo iliyoipa reli kitu cha kubeba kwa miongo iliyofuata. Hata vita vya Tanga vya Novemba 1914, vile ambavyo wazee wanavisimulia kwa habari ya nyuki waliowauma askari kuliko bunduki, treni ilikuwemo: askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, waliteremshwa kutoka Moshi kwa reli hii hii kuja kuwakabili Waingereza waliokuwa wameshuka pwani ya Raskazone, hapa hapa mjini. Askari walikuja kwa treni kutoka Moshi. Mama yangu kwenda Moshi, mpaka apande basi kwanza.

Stesheni yenyewe siwezi kuisema vibaya. Iko pazuri, bandari iko karibu, sokoni unafika kwa miguu, na mtu wa Raskazone na mtu wa barabara ya ishirini wote wanaifikia bila kuvunja bajeti ya bodaboda. Stendi ya mabasi ilishahamia Kange, nje ya mji, na kila anayesafiri analipa nauli ya kuifikia nauli. Stesheni ya treni imebaki palepale katikati. Kama ingekuwa na abiria, hakuna kituo cha usafiri Tanga ambacho kingeishinda kwa mahali.

Basi, tukaenda Kange. Mpiga debe mmoja alinihakikishia gari "inanyoosha moja kwa moja", na kiroba cha nazi kikatozwa pesa karibu na ya mtu. Gari lenyewe lilisimama kila penye mtu aliyenyoosha mkono na penye mtu aliyekuwa anajikuna. Hiyo ni safari nyingine na sitaki kuikumbuka. Tiketi za treni ya siku iliyofuata alitukatia binamu yetu wa Korogwe, daraja la pili kukaa. Tungetaka vitanda tungevipata, ila mama alisema kulala mbele ya watu asiowajua, hapana.

Stesheni ya Korogwe usiku ni sehemu ambayo nitaikumbuka. Treni inatoka Dar mchana, kwa hiyo Korogwe inaingia giza limeshakolea. Tuliketi na watu kama arobaini: akina mama wenye ndoo za maembe, wanafunzi, mzee mmoja wa Kipare aliyekuwa na jogoo ndani ya kikapu na akawa anamfunika kwa koti kila jogoo alipojaribu kuzungumza. Chai ya tangawizi ilikuwepo, mayai ya kuchemsha yalikuwepo, chumvi kwenye kijikaratasi. Hakuna aliyeuliza saa. Mtu mmoja alikuwa akienda kuinama kwenye reli, anagusa chuma kwa kiganja, anarudi kukaa. Mara ya nne alirudi akasema, "Inakuja," na hatukusikia kitu. Baadaye kidogo taa ikatokea mbali, nyeupe, ikawa inakua bila kelele, kisha kelele zikaja zote kwa pamoja.

Wale ambao hamjapanda treni hizi za reli ya zamani yenye upana wa mita moja, jueni kwamba behewa liko juu na wewe uko chini. Ngazi ni za chuma, nyembamba, ya kwanza iko usawa wa goti. Kwa kijana ni mchezo. Mama alishika bomba la pembeni, akaweka mguu wa kulia, wa kushoto ukakataa. Gadi wa behewa lile, Mungu amjalie, hakupiga kelele wala kutuharakisha. Aliteremka, akasimama nyuma yake, akasema, "Mama, egemea kwangu, treni haiondoki bila mimi." Akapanda.

Mimi huku nyuma nikanyanyua kiroba cha nazi kwa haraka ya mtu aliyeona mama yake kapanda yeye hajapanda. Kilikuwa cha salfeti, kimevutwa kwenye lami ya Kange jana yake. Kikapasuka chini. Nazi moja ikatoka, halafu mbili, halafu zote, zikabingirika chini ya behewa, kwenye kokoto, juu ya mataruma. Nilisimama pale nimeshika salfeti tupu kama bendera. Watu waliokwisha kupanda waliteremka, na sitanii, wageni kabisa, wenye tochi za simu, wakawa wanaokota nazi na kunirushia mlangoni moja moja. Mzee wa jogoo alileta tatu ndani ya koti lake. Tulianza safari na nazi kumi na saba, tukaingia Moshi na kumi na sita, na naamini ile moja iko Korogwe mpaka leo.

Ndani: viti vya daraja la pili vilikuwa vizuri, vina mgongo wa kuegemea na nafasi ya mguu ambayo basi haina. Hilo ndilo lililotuleta, na hapo treni ilitimiza. Mama alinyoosha goti, akasimama alipotaka, akatembea kwenye ujia, akarudi na majina ya watu sita na habari zao. Tulikula mikate ya kumimina tuliyotoka nayo nyumbani. Choo kilikuwa choo cha treni, nenda mapema usiku, asubuhi usiniulize. Baridi baada ya Same haina mzaha, hasa dirisha la jirani likiwa na mtu anayependa hewa.

Mwendo ni wa taratibu, huwezi kuulinganisha na basi. Kama una kikao asubuhi, panda basi. Lakini kulipokucha, milima ya Upare ilikuwa kulia kwetu, rangi ya buluu iliyochanganyika na moshi, na behewa zima likawa kimya. Mama aliitazama muda mrefu, halafu akasema kwamba miti imepungua. Kisha akalala mpaka Moshi. Nauli ukichukua daraja la tatu ni nafuu kuliko basi. Daraja la pili unaongeza, na kwa mwenye goti ongezeko hilo ni halali.

Sasa maboresho, maana ndiyo gumzo. Mimi nimepanda treni ya umeme Dar hadi Dodoma, ile iliyoanza Julai 2024, na stesheni yake nimeiona: vioo, ngazi za umeme, mageti yanayosoma tiketi. Nilifurahi kama mtoto. Kwenye vijiwe vya kahawa hapa Tanga watu wanataka kama ile, na mpango wa reli ya kisasa kutoka Tanga kupitia Arusha hadi Musoma wanautaja kila siku. Ikija, karibu sana. Bandari yetu ilitengenezwa kwa shilingi bilioni 429.1, kina kikachimbwa hadi mita 13, na meli ambazo zamani zilikuwa zinapakuliwa baharini kwa matishari sasa zinafunga gatini. Tumeona wenyewe kwamba vitu vinawezekana.

Ila mimi siombi vioo. Naomba mabehewa mawili. Mawili tu, nyuma ya kichwa chochote cha treni, yatoke Tanga jioni, yasimame Pongwe na Muheza, yafike Korogwe kabla ya treni ya Dar, yatushushe tuhamie. Asubuhi yanarudi na waliotoka Arusha. Jengo la zamani linatosha, kivuli kipo, mlinzi yupo na kiti chake. Ubao wa matangazo wenye maandishi ya mkono ungetosha pia, hata wa kusema tu "Abiria Korogwe", ili mjinga mwingine kama mimi asipakue mizigo bure. Nyota siitoi, siwezi kutoa nyota kwa stesheni ambayo sikuitumia. Treni ile ya usiku naipa nne, na ya tano nampa yule gadi peke yake.

Kwa wanaotaka kwenda: kata tiketi mapema au uwe na mtu Korogwe. Fika stendi ya Korogwe kabla ya magharibi, ukachukue bodaboda hadi stesheni kukiwa bado kweupe. Beba tochi, shuka, na chenji ndogo ndogo za chai. Mwenye mzee, mwambie gadi mapema kabla treni haijasimama sawasawa, atakusaidia. Na kama una nazi, nasema kwa niaba ya mama aliyenikumbusha jambo hili kuanzia Korogwe hadi Hedaru, tia kwenye gunia la katani. Tumezaliwa Tanga, alisema, mji mzima umejengwa kwa mkonge, na wewe unaninunulia salfeti.