Maabara waliyonipimia mafuta ya makonyo, nimewakubali ila wachelewaji

Nachemsha mafuta ya makonyo (vijiti vya karafuu) Pemba, mnunuzi akawa ananibania bei eti nimechanganya, roho iliniuma! Nikapeleka kichupa maabara moja Dar wakakipima kwa mashine ya GC-MS, ile ya kutenganisha kemikali na kuzitambua. Kijana wa pale akanielewesha vizuri, kiasi kidogo kuliko tone kinageuzwa mvuke kinasukumwa na gesi ya heli ndani ya kijibomba chembamba kama uzi, mita 30 nzima kimeviringwa, kila kemikali inatoka kwa wakati wake halafu masi spektrometa inaivunjavunja na kupima uzito wa vipande. Kwenye mchoro wa majibu kukasimama mlima mmoja mrefu, yujenoli, uzito wa molekuli 164, ndiyo kemikali kuu ya mafuta ya karafuu! Ila majibu waliahidi wiki moja zikaenda tatu na simu hawapokei, hapo wajirekebishe. Mzigo ujao napeleka kwao tena.