Ampu ya gitaa kwa studio ndogo ya Arusha: ninavyozipanga

Ukienda kuangalia ampu (kikuza sauti) ya zamani, jina la mbele liache kwanza. Igeuze nyuma usome volti. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Ampu ya soko la Marekani inataka 120 na hezi 60. Transfoma ya kushusha inakupa hizo 120, lakini hezi zinabaki 50, na transfoma ya ndani ya ampu inachemka kupita ilivyopangiwa.

Ya kwanza kuinunua, muuzaji aliniapia haijawahi kufunguliwa. Alisema kweli, na hapo ndipo nilipoumia. Tulipoifungua na fundi, kapasita (vifaa vinavyohifadhi chaji ya umeme) zilikuwa zile zile za kiwandani, zimevimba vichwa, moja imevuja na majimaji yake yamekauka kama gundi. Ilivuma "nguuu" hata gitaa likiwa halijachomekwa.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni ampu ya kutengenezewa: nakala ya Fender Deluxe ya 1955 hadi 1960, mchoro wa 5E3. Ina valvu mbili za aina ya 6V6, zile taa za kioo zinazokuza sauti, na wati kama 12. Unaiagiza ikiwa na transfoma ya 230 tangu mwanzo, na nyaya zake zimeunganishwa kwa mkono, kwa hiyo fundi redio mzuri anaufuata mchoro na kubadilisha kifaa kimoja kimoja. Wati 12 zisikutishe. Valvu hutoa utamu wake zikikamuliwa, na kwenye chumba cha mtaa wa Sakina chenye jirani ukutani, hii ndiyo utakayoweza kuikamua. Sogeza maikrofoni ya SM57 karibu kabisa na kitambaa cha spika, pembeni kidogo ya katikati, usikilize sauti inavyonenepa.

Ya pili ni Roland JC-120, iliyoanza 1975. Ni ya transista, haina valvu za kuhangaikia. Kwa solo na ridhimu za dansi, zile nyuzi zinazotakiwa zisikike moja moja, koras yake ya spika mbili (inayofanya sauti moja isikike kama nyingi) sijaona mfano. Inavuma kidogo tu ukiwa kimya.

Vox AC30 naiweka ya tatu. Ya Uingereza inaukubali umeme wetu, ila valvu zake nne za EL84 zinafanya kazi kwa moto mkali na huisha mapema. Fender Twin Reverb ya wati 85 iache kwa wenye jukwaa.

Besi? Ampeg B-15, iliyotoka 1960, ina sauti ya mviringo inayoikalia ngoma vizuri. Lakini kama fedha ni ya ampu moja tu, nunua ya gitaa, besi iingize moja kwa moja kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti).

Kabla hujalipa, iwashe dakika ishirini. Zungusha kila kitufe usikie kama kinakwaruza, gonga valvu taratibu kwa penseli. Inayolia kama kengele imechoka. Kamwe usiwashe ampu ya valvu bila spika, utaua transfoma ya kutolea sauti. Na usiruhusu mtu aingize mkono ndani eti kwa sababu imechomolewa: kapasita zinaweza kubaki na volti 400, na fundi anayejua kazi huzitoa chaji na kuzipima kwa mita kabla ya kugusa chochote.