Mipira ya vakyumu kwa fowili kuukuu: Malindi ununue upi, na uufunge wapi

Taa za magurudumu ya mbele zikianza kumetameta kwenye dashibodi ya Pajero ya miaka ya 1990, gari nyingi hapa Malindi hupelekwa moja kwa moja kufunguliwa difu (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu). Kabla hujafika huko, fungua boneti ufuate mipira myembamba ya vakyumu, yaani ya kufyonza hewa, inayotoka kwenye solenoidi mbili (vali ndogo za umeme), uishike mmoja mmoja. Mara nyingi kasoro ni kipande kisichozidi shibiri, kigumu kama ukuni, kilichopasuka pale kinapovikwa kwenye mdomo wa solenoidi. Joto la injini limekikausha na jua likamalizia. Hilux Surf za 130 nazo hushughulisha difu ya mbele kwa vakyumu, kwa hiyo huugua vivyo hivyo. Defender ya Tdi ina fowili ya kudumu (magurudumu yote manne huendeshwa muda wote), haihitaji vakyumu kwa kazi hiyo, lakini busta ya breki, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, inaihitaji.

Tafuta penye kuvuja kwanza, ndipo uende dukani. Zima injini, kanyaga breki mara tano sita mpaka pedali iwe ngumu, iache mguuni kisha washa gari. Pedali inatakiwa izame kidogo. Isipozama, vakyumu haifiki kwenye busta. Kwa geji, injini ya petroli iliyo nzima ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagiwa mafuta) huonyesha takriban milimita 450 hadi 530 za zebaki, na pampu ya dizeli nzima hupita 600. Vipimo hivi ni vya usawa wa bahari, yaani vya huku kwetu. Fundi aliyezoea Nairobi, iliyo juu zaidi ya mita 1,600, amezoea kuona namba ndogo zaidi, na anaweza kulipitisha gari linalovuja huku pwani akiliona zima. Ukikosa pampu ya mkono, bomba la sindano la mililita 60 linatosha kwa mipira midogo: vuta, shikilia nusu dakika, achia. Pistoni ikirudi yenyewe karibu mpaka ilipoanzia, hakuna uvujaji. Ikibaki pale ulipoivutia, hewa imeingia mahali.

Sasa ununuzi. Swali la kwanza ni kama mpira utakutana na oili. Dizeli haibani hewa inayoingia kama petroli, kwa hiyo haina vakyumu ya kutosha kwenye manifoldi yake (njia za kuingizia hewa), na hutegemea pampu. Kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ na Pajero za 4D56, pampu hiyo iko nyuma ya altaneta na hulainishwa kwa oili ya injini. Ukungu wa oili hupita ndani ya mpira kila siku. Mpira usiostahimili oili huvimba, hulainika, kisha hujikunja wenyewe kwa ndani ukavutwa, na kwa nje unauona mzima kabisa.

Kwa sababu hiyo nafasi ya kwanza tunaipa mpira mweusi wa vakyumu wenye nyuzi ndani na unaostahimili oili. Hauvutii macho, lakini unafaa karibu kila mahali: kwenye pampu, kwenye solenoidi, kwenye difu. Kwa busta ya breki usikubali kitu kingine isipokuwa mpira wa breki za vakyumu, ulioandikwa SAE J1403 ubavuni, au ule wa asili uliofinyangwa kwa umbo lake. Hapo hakuna nafasi ya kubana matumizi.

Wa pili ni silikoni, ile ya rangi ya buluu au nyekundu. Inavumilia joto na jua kuliko yote, na kwa petroli kuukuu isiyo na oili kwenye njia zake tungeiweka ya kwanza. Kwenye pampu ya dizeli usiiweke: oili huilainisha. Kosa jingine ni kununua yenye ukuta mwembamba. Mpira wa tundu la milimita 4 uwe na ukuta usiopungua milimita 2, na wa milimita 6 uwe na ukuta wa 3. Zungushia dole gumba: ukijikunja na tundu kuziba, uache. Bandia nazo zipo. Omba ncha ndogo uiwashe kwa kiberiti nje ya duka. Silikoni halisi huacha jivu jeupe, bali plastiki huyeyuka, hudondoka na kutoa moshi mweusi.

Wa tatu ni mpira wa mafuta wenye nyuzi, SAE J30R7, unaopatikana karibu kila duka la spea. Oili haiudhuru na haujikunji kirahisi kwa sababu ni mgumu. Ugumu huohuo ndio kasoro yake: kwenye midomo ya plastiki ya solenoidi kuukuu, ukiulazimisha mdomo hukatika, na sasa unanunua solenoidi. Uweke kwenye mabomba ya chuma tu.

Wa nne ni mipira iliyotumika, ya kutoka kwenye injini za Japani. Ina umbo sahihi, lakini umri wake ni sawa na ule unaoutoa. Nunua tu kona zilizofinyangwa usizozipata mpya, na uzikunje mbele ya muuzaji uone kama zina nyufa.

Wa mwisho ni paipu angavu ya waashi ya kupimia levo, na mpira wa dripu. Vinafaa kukufikisha nyumbani kutoka Marafa au Garsen. Karibu na injini hulegea kwa joto na kubanana, na umeshapoteza fowili ukiwa kwenye tope la Tana. Vitoe siku hiyohiyo.

Kuna shida moja ya pwani isiyotibika kwa mpira: mabomba membamba ya chuma yanayopita kwenye chesisi huliwa na chumvi, hasa kwa gari zinazofanya kazi Gongoni na Ngomeni. Hutoboka upande wa chini usioonekana. Badala yake nunua paipu ya nailoni ya upepo wa breki za lori, milimita 6 kwa nje na 4 kwa ndani, kisha uiunganishe kwa mpira mfupi kila ncha. Iweke mbali na egzosi. Bomba la shaba la fundi wa friji pia hufaa, ila lifungwe vizuri lisisuguane na chesisi.

Kuhusu saizi, shina la biti ya drili ni kipimo kizuri: lile la milimita 4 liingie kwa kubana kidogo kwenye mpira unaoitwa wa 4. Mdomo wa milimita 5 hupewa mpira wa 4. Pima njia kwa uzi na uongeze vidole vinne kwa kila kipande. Mwambie muuzaji hivi: "Ami, nikatie kwenye roli ya ndani, si ile inayoning'inia mlangoni." Ya mlangoni imeshaliwa na jua kabla hujailipia. Klipu ziwe za chuma kisichoshika kutu.

Nyumbani, usiuvute mpira kuukuu kwenye solenoidi. Upasue kwa wembe kwa urefu, uubandue. Badilisha mmoja baada ya mwingine, na kwanza upige picha: ile miwili ya difu ikibadilishana nafasi, fowili itaingia ulipoitoa. Vali ya upande mmoja ya busta ipulize kwa mdomo kabla ya kuirudisha. Hewa ipite kutoka upande wa busta kuelekea injini, na isirudi hata kidogo.