Brashilesi ya bei chee kwa gari ya rimoti, usidanganyike na KV kubwa

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo narekodi hapa barazani kwangu Tabata maana umeme umekatika na ndani hakukaliki, kwa hiyo mkisikia bodaboda inapita au jogoo wa jirani anapiga kelele nivumilieni tu, ndo mtaa wenyewe huu.

Leo tunaongea mota za brashilesi, yaani zisizo na brashi za kaboni ndani kama zile za zamani, kwa magari ya rimoti, hizi za bei ya mtu wa kawaida. Meseji zimekuwa nyingi mno na karibu zote zinafanana, kaka nina laki na nusu nichukue ipi, halafu mtu anakutumia picha ya tangazo mota imeandikwa 5400KV kwa maandishi makubwa ya dhahabu kama pambo la harusi, na yeye anataka hiyo hiyo kwa sababu namba ni kubwa. Sasa leo nataka nimuokoe huyo mtu, na namuelewa kabisa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa yeye.

Ngoja niwaonyeshe kitu. Hii hapa, sogea na kamera Junior, sogea, hapo hapo. Hii ni spidi kontrola, kile kifaa kinachopima umeme wa betri uende kiasi gani kwenye mota, wengine mnaita ESC, mimi naita kontrola tu. Ilikuwa nyeusi kiwanda, huu weusi mwingine mnaouona pembeni ni masizi. Niliinunua mtandaoni kwa bei chee kweli, kampuni siitaji, imeandikwa 60A, yaani ampea 60, hapa juu mnaona. Nikaifunga na mota ya KV kubwa, nikaenda Coco Beach Jumapili jioni watu wamejaa wanakula mihogo, nikajifanya bingwa, naikimbiza kwenye mchanga mlaini ule wa juu, watoto wanashangilia, kama dakika nne hivi ikaanza kukatakata, mimi nikadhani betri, nikaendelea kubana, ikatoa moshi. Dogo mmoja akaniambia "anko gari yako inapika." Nilicheka kwa nje tu.

Nilivyofika nyumbani nikaifungua, na hapa ndo nilijifunza zaidi kuliko video zote nilizowahi kuangalia. Tazama hili bati la kupoozea, hili lenye mapezi ambalo feni inakaa juu yake. Kazi yake linatakiwa ligusane vizuri na zile transista za chini ndo livute joto. Humu ndani wameweka kipande cha gundi laini kimefunika nusu tu, nusu nyingine kuna hewa. Yaani feni inapuliza bati, bati lenyewe halina habari na kinachoungua chini. Halafu angalia waya za betri, weka na hizi za kontrola nyingine pembeni, unaona? Hii nyembamba kama waya wa redio. Umeme mwingi kupita kwenye waya kama huu ni sawa na kuzimia moto kwa mrija wa juisi. Kwa hiyo ile 60A ilikuwa maandishi tu, na maandishi hayana gharama.

Sasa KV. KV haina uhusiano na ubora wala nguvu, KV ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja mota ikiwa haijabeba kitu. Basi. Mota ya 3300KV ukiipa betri ya seli mbili, yaani 2S, ambayo ni volti 7.4, inataka kuzunguka kama 24,400 kwa dakika. Ukiipa 3S ya volti 11.1 inaenda kama 36,600. Sasa chukua ile ya 5400KV kwenye 2S iliyojaa, volti 8.4, ni zaidi ya 45,000. Unasema ah si ndo tunataka? Hapana mzee, subiri. Mota mbili za saizi moja, yenye KV kubwa inapata msukumo mdogo kwa kila ampea inayokula. Ili isukume gari ile ile kwenye mchanga ule ule lazima ivute ampea nyingi zaidi, na ampea ndo joto, na joto ndo ule moshi wa Coco. Ni kama unapandisha Pugu na gari imejaa mzigo halafu umeng'ang'ania gia ya nne, injini inalia, mwendo hakuna, na sahani ya klachi inaanza kunuka.

Kwa hiyo mtu wa bajeti anatakiwa afanye kinyume na anachofikiria, achukue KV ndogo, na ile hela aliyotaka kuipeleka kwenye namba aipeleke kwenye kontrola. Spidi unaweza kuiongeza baadaye kwa pinioni, ile gia ndogo ya kwenye shafti ya mota, au kwa kupanda 3S, kontrola iliyoungua huiongezi chochote, unaipeleka kwenye droo ya kumbukumbu kama mimi.

Tupige hesabu kidogo wale wa spidi msinune. Gari yangu ni bagi, ile gari ya vumbi ya kiingereza "buggy", ya skeli ya moja kwa kumi, tairi ya nyuma ina kipenyo cha kama sentimita 8.5, ikizunguka mara moja inasogea kama sentimita 27. Gia zangu zote kwa pamoja mota inazunguka mara 9 ndo tairi linazunguka mara 1. Chukua ile 24,400 gawa kwa 9 unapata kama 2,700, zidisha na huo mzunguko wa tairi, inakuja kama kilomita 43 kwa saa. Kwenye 3S ni kama 65. Hiyo ni ya kwenye karatasi, barabarani itapungua maana kuna upepo, msuguano na uzito, ila kilomita 40 kwa saa kwa kitu kilicho chini ya goti lako ni kasi kubwa sana, niamini, ikikugonga kwenye ugoko utanikumbuka.

Haya, seti niliyoifunga sasa hivi ni Hobbywing EZRUN MAX10, kontrola ya 60A, pamoja na mota yake ya 3652 ya 3300KV. Hiyo 3652 maana yake ni rahisi tu, kipenyo milimita 36, urefu milimita 52. Saizi hii ndo inaingia kwenye magari mengi ya moja kwa kumi pale pale ilipokuwa imekaa mota ya 540 ya kaboni, matundu ya skrubu yanalingana na shafti ni ile ile ya milimita 3.175, kwa hiyo hata pinioni yako ya zamani inaweza kuingia. Inakuja pia ya 4000 na ya 5400. Kontrola inakula 2S na 3S, na imezibwa, inastahimili maji.

Ila kwenye maji nisikilizeni vizuri watu wa Coco na Kigamboni. Kustahimili maji ya dimbwi sio kustahimili bahari. Chumvi inakula beringi, inakula plagi, inakula skrubu. Ukitoka beach suuza na maji baridi ya bomba, pulizia ikauke, weka tone la oili kwenye beringi za mota mbele na nyuma. Mimi mota yangu ya kwanza ilianza kulia kama panya baada ya wiki mbili kwa uvivu huo huo.

Ukiona MAX10 bado bei kali, kuna Surpass Hobby, wanauza seti za mota ya 3650 na kontrola ya 60A kwa hela pungufu kabisa, na kwa mtu wa 2S anayecheza uwanjani kawaida hiyo inatosha, sikudanganyi. Mimi ningechukua 3300 au 3900 na nisingeiweka kwenye 3S kwenye gari zito. Hapo ndo mpaka wangu.

Mtu atauliza na sensa je. Mota ya sensa ina kawaya kengine chembamba ka nyaya sita kanachoiambia kontrola sumaku imekaa wapi, kwa hiyo gari inaondoka taratibu bila kutetemeka. Isiyo na sensa ikianza kuondoka polepole inashtukashtuka kidogo, kama mwanafunzi wa udereva siku ya kwanza. Kwa wanaopanda mawe polepole sensa ni lazima. Kwa sisi wa kukimbiza kwenye vumbi mimi naona bora isiyo na sensa, plagi moja pungufu ya kuingia mchanga. Na faida nyingine ndogo, ukifunga mota ikazunguka kinyumenyume unabadilisha nyaya mbili zozote kati ya zile tatu, imeisha. Kwenye ya sensa usifanye hivyo, hizo lazima A iende A, B iende B, C iende C.

Kufunga sasa. Watu wengi wanaua gia hapa halafu wanalaumu mota. Pinioni isibane sana kwenye ile gia kubwa, na isiachie. Fundi akikwambia kadiria kwa jicho mkimbie. Chana kipande cha karatasi ya daftari, hii hapa ya mwanangu, hesabu za darasa la nne, asinione. Unakiweka katikati ya meno, unasukuma mota mpaka ibane karatasi, unakaza skrubu na alenki, halafu unazungusha gia karatasi itoke. Ikitoka imekunjwa kama feni ya mkono, mikunjo mizima haijatoboka, umepata. Ikitoka imechanika, legeza rudia. Na ile skrubu ndogo ya kwenye pinioni hakikisha imekaa juu ya sehemu bapa ya shafti, tia na gundi ya skrubu, mtikisiko wa brashilesi sio wa kitoto.

Halafu kabla hujakimbiza, ifundishe kontrola rimoti yako, yaani katikati, mbele mpaka mwisho, nyuma mpaka mwisho, kwa utaratibu wa kitabu chake. Na uhakikishe ile kinga ya kukata umeme betri ikishuka imewekwa kwenye LiPo, yaani betri hizi za lithiamu, mimi naweka volti 3.2 kwa kila seli. Betri ya LiPo ikishuka sana ikivimba haina dawa.

Jumamosi nimeenda nayo Kawe, uwanja wa Tanganyika Packers, saa nane mchana makusudi, jua la utosi. Nimekimbiza dakika kumi kwenye 2S bila huruma, nikapima na kile kipimajoto cha bastola, mota nyuzi 68, kontrola 57. Nikaongeza pinioni meno mawili, nikarudia, mota ikafika 84. Meno mawili tu! Nikayarudisha yale ya mwanzo pale pale nimekaa kwenye tofali. Mimi mwisho wangu ni 80, kwa sababu sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kudhoofika zikipita hapo, na sumaku ikidhoofika hairudi yenyewe, mota inabaki inazunguka lakini imechoka. Video nyingi mnazoangalia zimepigwa nchi za baridi, mtu anavaa koti, anakwambia weka pinioni kubwa haina shida. Kwake haina shida. Hapa kwetu mota inaanza safari tayari ina nyuzi 32 za bure. Huna kipimajoto, gusa na kidole, kama huwezi kukiacha sekunde mbili au tatu, pumzisha gari.

Kwenye bei msihesabu seti peke yake. Kuna usafiri, kuna ushuru, kuna VAT asilimia 18 mzigo ukishikwa, kuna plagi za betri za XT60 na risasi ya kulehemu, Kariakoo zipo. Na wale wa gari ya WLtoys 144001, najua mko wengi, nyinyi nawaonea huruma kidogo maana kwenye hiyo gari kontrola na risiva, kile kinachopokea mawimbi ya rimoti, ni bodi moja. Ukiing'oa kontrola umeng'oa na risiva, kwa hiyo unatakiwa ununue na rimoti mpya yenye risiva yake. Hela inaweza kukaribia bei ya gari yenyewe. Kama hiyo mota ya 550 ya kaboni bado inavuta, mimi ningeiacha ife yenyewe kwanza, nanunua betri nzuri kwa hiyo hela.

Na betri ni kesi nyingine. Ile C iliyoandikwa ubavuni, namba ya kusema betri inaweza kutoa umeme kwa kasi gani, ichukulie kama bei ya kwanza ya Kariakoo, yaani nusu yake ndo mazungumzo yanaanzia. Betri dhaifu ukiipa brashilesi gari inashtuka mbele halafu inazimika zimika, na mtu anarudi dukani anadai kontrola mbovu.

Kuna mdau aliuliza aweke mota hii kwenye gari ya Tamiya TT-02 yenye zile bushi za plastiki. Kaka, badilisha bushi uweke beringi kwanza, seti nzima ya beringi ni hela ndogo, bushi zitayeyuka... ah, umeme umerudi, mnasikia mtaa mzima unavyopiga kelele? Junior kimbia kachomeke chaja, zile mbili za 2S, weka ampea tano, na usiondoke hapo zikiwa zinachaji.