Huduma ya Maegesho Katika Mji Wetu wa Mwambao: Dereva Amehudumiwa, Mwenda kwa Miguu Bado Anasubiri

Huduma ya maegesho ya kulipia iliyoanzishwa katika mji wetu mdogo, mashariki mwa jiji la Mwanza, ina ubora ambao mwenye gari atauona tangu siku ya kwanza, na ina kasoro ambayo ataiona zaidi mzazi anayemvusha mtoto barabara kwenda shule. Nimeitumia kama dereva, nami huitumia pia kila siku kama mwenda kwa miguu, na tathmini yangu inaegemea zaidi upande huu wa pili, kwa kuwa wengi wa watu wanaopita katikati ya mji hawana gari. Jina la mji na la wakala anayeendesha huduma nimeyaacha kwa makusudi, maana ninachokipima ni huduma yenyewe.

Mji wenyewe umekaa juu ya barabara kuu itokayo Mwanza kuelekea Musoma na mpaka wa Sirari. Upande mmoja yapo maduka ya vifaa vya ujenzi na ya jumla. Upande wa pili lipo soko, stendi ndogo ya daladala na njia inayoteremka mwaloni, ambako pikapu hupakia dagaa asubuhi na mapema. Kabla ya huduma hii kila dereva alisimama alipotaka, na gari la mwenye duka lilikaa mbele ya duka lake kutwa nzima huku mteja aliyetoka kijijini akizunguka bila kupata mahali. Leo nafasi zimechorwa kwa rangi nyeupe, wahudumu wamevaa fulana za kuakisi mwanga, na namba ya gari inaingizwa kwenye mashine ya mkononi inayotoa kumbukumbu namba, kisha dereva analipa kwa simu bila kumpa mhudumu hata senti moja mkononi. Utaratibu huo umeondoa mabishano ya chenji na ya stakabadhi zisizoeleweka, na kwa hilo wanastahili pongezi za dhati.

Tozo yenyewe naiunga mkono. Marehemu Profesa Donald Shoup wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza kwamba ada ya maegesho ya kando ya barabara inapaswa kupangwa kwa kiasi kitakachoacha takribani asilimia 15 ya nafasi zikiwa wazi, ili anayefika apate pa kusimama na asilazimike kuzungukazunguka au kusimama katikati ya njia. Hapa kwetu jambo hilo limeonekana wazi: magari yanayosimama sambamba na mengine yaliyokwisha kuegeshwa, yakiziba upande mzima wa barabara, yamepungua sana katika siku za kawaida.

Tatizo linaanzia kwenye zebra. Aliyechora nafasi alianza mwisho wa mtaa akaendelea kuchora mpaka kwenye mstari wa kwanza wa kivuko cha waenda kwa miguu, pande zote mbili za barabara, kana kwamba kila meta isiyolipiwa ni hasara. Katika nchi yetu, ambako magari hupita kushoto, mtu anayeshuka kutoka ukingoni hutishwa kwanza na gari linalotoka kuliani kwake, na ni upande huohuo wa kulia ambako sasa huegeshwa pikapu iliyojaa magunia au basi dogo lenye vioo vyeusi. Mtoto wa darasa la pili hafikii hata kioo cha pikapu hiyo. Ili aone kama barabara ni salama, inambidi atoke mpaka kwenye ubavu wa nje wa gari lililoegeshwa, yaani awe tayari amekwisha kuingia barabarani, na dereva anayekuja humwona katika dakika hiyohiyo ya mwisho.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa kuwa mwendo wa juu katika maeneo ya makazi, na gari linalokwenda mwendo huo hupita karibu meta 14 katika kila sekunde. Dereva makini huhitaji sekunde moja au zaidi kidogo kabla mguu wake haujakanyaga breki, kwa hiyo gari litakuwa limekula umbali wa nafasi tatu nzima za maegesho kabla halijaanza hata kupunguza mwendo. Si wote wanaoheshimu hiyo 50, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hatari ya kufa kwa mwenda kwa miguu aliyegongwa na sehemu ya mbele ya gari huongezeka mara nne na nusu mwendo unapopanda kutoka kilomita 50 hadi 65 kwa saa. Rangi nyeupe iliyochorwa vibaya inaweza kugharimu maisha, nami nasema hivi bila kutia chumvi.

Dawa yake ni rahisi kiasi cha kusikitisha. Mji wa Hoboken, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, ambao una wakazi takribani 60,000, uliamua kuondoa maegesho karibu na njia panda na vivuko na kuziba mapengo hayo kwa nguzo, ili gari lisirudi kinyemela. Hatua hiyo iliendana na nyingine za kupunguza mwendo, na kuanzia mwaka 2017 mji huo ulikaa zaidi ya miaka saba bila kifo hata kimoja cha ajali ya barabarani. Huko California, sheria ya jimbo sasa inakataza kuegesha ndani ya meta 6 hivi kabla ya kivuko. Kwetu sisi ingetosha kufuta nafasi moja au mbili upande magari yanakotokea, kusimamisha nguzo fupi za zege na kuongeza tuta. Mapato yatakayopotea ni ya nafasi chache tu.

Kasoro ya pili inanikera zaidi, kwa sababu inatokana na namna huduma inavyopimwa. Mhudumu huandika namba ya gari popote alipolikuta, hata likiwa limepanda juu ya vifuniko vya mtaro ambavyo ndiyo njia pekee ya waenda kwa miguu. Nilimuuliza kijana mmoja, mwenye adabu na bidii, kwa nini analitoza gari lililoziba njia badala ya kulikataa. Aliniamkia, kisha akanijibu, “Mwalimu, mimi nimepewa kazi ya kupiga namba tu. Kuliondoa ni kazi ya trafiki.” Simlaumu hata kidogo. Ila dereva aliyetozwa huamini kwamba amelipia haki ya kukaa pale, na mama aliyebeba beseni la sato kichwani, au mzee anayetembelea kiti cha magurudumu, hulazimika kushuka barabarani na kugombea nafasi na malori. Njia yenye upana wa meta 1.8 hutosha viti viwili vya magurudumu kupishana, hatuombi uwanja.

Bodaboda nao walisahauliwa kabisa. Hawakutengewa sehemu, kwa hiyo wanajikusanya palepale kwenye zebra ambako abiria hutokea, na kila mara hufukuzwa na kurudi. Nafasi moja ya gari yenye upana wa meta 2.5 na urefu wa meta 5 inaweza kupokea pikipiki tano au sita, na ikiwekwa ng’ambo ya kivuko, yaani upande ambao magari yamekwisha kukipita, haitamziba mtu yeyote. Ni ajabu kwamba hilo halikufikiriwa katika mji ambao watu wengi husafiri kwa pikipiki.

Siku ya gulio huduma hushindwa kabisa. Malori ya mchele na mahindi hayaingii katika nafasi zilizochorwa, hivyo husimama kwa mshazari, na jioni, wahudumu wakiwa wamekwisha kuondoka, baadhi hulala ukingoni bila hata kiakisi mwanga nyuma. Upo uwanja wa wazi nyuma ya soko ambao ungewafaa.

Sitakubali hoja kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, lina njia za waenda kwa miguu pande zote mbili, na mtu anaweza kuivuka Ghuba ya Mwanza kwa miguu yake bila kugusa njia ya magari. Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend limejenga njia za miguu, matuta na nguzo kandokando ya shule kwa gharama ndogo, kazi ambayo mwaka 2019 ilipata tuzo ya kimataifa ya miji. Ujuzi tunao hapahapa nchini.

Kwa dereva anayetaka kununua bati au kushusha mzigo siku ya kawaida, huduma hii ni nzuri na naipendekeza. Kwa mzazi, mzee na mlemavu, siwezi kuipendekeza mpaka zile nafasi za kando ya zebra zifutwe na wahudumu wapewe maelekezo ya kutoliandikisha gari lililoziba njia. Mgeni anayepita mjini kwetu atapata nafasi kirahisi zaidi upande wa maduka ya jumla kabla ya saa nne asubuhi. Alipe siku hiyohiyo kwa kumbukumbu namba aliyopewa, na zile nafasi mbili zinazopakana na kivuko aziache wazi, hata akizikuta hazina gari.