Rola ya sindano nyumbani au kliniki: ipi kwa makovu ya chunusi?

Hili swali haliishi, ninunue rola, kile kigurudumu chenye visindano vidogo vya kutoboa ngozi, nijifanyie mwenyewe au niende kliniki? Kwa gharama rola inashinda wazi, ila sindano zikiisha makali tupa, usiseme mbona bado nzima, maana sindano butu inachana ngozi badala ya kutoboa.

Kwenye matokeo ndo kuna kazi. Sindano za rola za nyumbani zina urefu wa kama milimita 0.2 mpaka 0.3, hapo seramu inaingia vizuri na uso unang'aa kidogo, lakini kovu lenye shimo liko chini zaidi. Kliniki wanashuka hadi 1.5 au zaidi, wanakupaka ganzi kwanza, na kalamu yao, kifaa cha umeme chenye visindano nchani, inaingia wima wakati rola inaingia kwa mshazari. Hata hivyo vile vishimo vyembamba virefu vinawasumbua hata wao, makovu mapana ya bonde ndo yanaitikia, na unarudi kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa.

Usafi nyumbani ni juu yako: safisha rola kwa spiriti ya asilimia 70 kabla na baada, na usichangie rola hata na dada yako, ile inagusa damu. Una chunusi mbichi? Subiri, utasambaza bakteria uso mzima. Na sisi wenye ngozi nyeusi jamani, ukikandamiza sana unabaki na madoa miezi na miezi, sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, ni lazima.

Kama shida ni uso kufifia tu na una nidhamu, rola inakutosha. Kama ni mashimo, jichange uende kliniki. Mwenye keloidi, yaani makovu yanayovimba na kukua, daktari wa ngozi kwanza kabla ya yote mawili.